Mawe ya Wiki ya Barakoa

Jiwe zima likigongwa kwa nyundo hulia. Sauti yake ni nyembamba, safi, na hukaa hewani kidogo kabla ya kupotea. Jiwe lenye ufa ndani, hata uligonge vipi, hujibu kama mtu mwenye mafua. Hilo sisi tunaliita jiwe bubu. Kwa macho hayatofautiani: yote ni ya kijivu, yote yana vumbi, yote yanavunja mgongo. Ni sikio tu linaloweza kuyatenga, na sikio lililoaminiwa kuliko yote katika kazi yetu lilikuwa la mjomba wangu.

Ndiyo maana mafundi walimwita Sikio. Si Mzee Sikio wala Fundi Sikio. Sikio, basi, na yeye aliitika kwa maringo kama mtu anayeitwa jukwaani kupokea zawadi.

Tetemeko lilikuja Jumatano saa nne asubuhi, likadumu sekunde kumi na moja. Ndani ya kanisa kuu hapakuwa na mtu. Mfagizi alikuwa ametoka dakika ile ile kwenda kumwaga maji machafu, na mpaka leo haruhusu ile ndoo iguswe na mtu mwingine. Mnara ulibaki umesimama. Kuta zilipata nyufa za kupitisha mkono. Lakini tao kubwa, lile linalotenga viti vya waumini na altare, lilishuka lote: mawe mia moja sitini na tatu, yakalala sakafuni juu ya vipande vya viti.

Kazi ya kulirudisha alipewa mhandisi mmoja, mwanamke mrefu, asiyependa kurudia neno. Sharti lake lilikuwa moja: kila jiwe la zamani lililo zima lirudi pale pale lilipokuwa, na lenye ufa lichongwe jipya badala yake. Aliagiza mashine ya kupimia mawe, mashine ikakwama bandarini, na kila Jumatatu alitutangazia kwamba iko njiani.

"Mhandisi," Mjomba alimwambia, "mashine yako ije isije, mimi nipo."

Mhandisi hakuwa mtu wa kulishwa maneno. Alichukua mawe ishirini ya ukuta uliokuwa ubomolewe kabisa, akayapanga uani, akamwambia Mjomba ayagonge. Mjomba aligonga. Mimi nilisimama mbele yake na daftari, kama nilivyozoea tangu nina miaka saba, aliponifundisha kutenga mawe nyuma ya nyumba yetu. Akasema tisa ni bubu, kumi na moja ni mazima. Mhandisi akayakata yote kwa msumeno. Tisa yalikuwa na nyufa, kumi na moja hayakuwa nazo. Tangu siku hiyo neno la Mjomba likawa ndiyo sheria.

Kazi yangu ilikuwa daftari na rangi. Nina diploma ya ujenzi, na kila jiwe nililipa namba kulingana na mahali lilipokuwa kwenye tao. Mjomba aligonga, akasema "zima" au "bubu", mimi nikaandika, kisha nikalipaka doa la kijani au la jekundu. Mawe mazima yalilazwa kwenye mbao chini ya turubai, safu kwa safu, yakisubiri fremu ya mbao ambayo ingeyashikilia mpaka tao lifungwe.

Na tao hufungwa kwa kabari, jiwe la juu kabisa katikati, linalobana mengine yote. Kabari yetu ilichongwa ua la petali sita, na ni jiwe pekee ambalo kila mtu mjini alilijua. Mjomba alikuwa na miaka sitini na saba. Alikuwa amejenga vyoo, madaraja, ukuta wa gereza na makaburi ya matajiri, lakini hakuwahi kufunga tao la kanisa kuu. Mhandisi alimwahidi kwamba kabari ataiweka yeye, kwa mikono yake, kisha astaafu.

"Siku hiyo," alikuwa akituambia wakati wa chai, "nikishaiweka, mnishushe taratibu kama bibi harusi."

"Bibi harusi mwenye ndevu nyeupe?" aliuliza Winchi. Huyo ndiye mwendesha winchi wetu, na jina lake halisi sijawahi kulisikia.

"Wewe subiri. Utaomba unishike gauni."

Nilijua, na kila mtu alijua, kwamba mzee huyu alikuwa anaishi kwa ajili ya siku hiyo. Mke wake alikwishafariki, watoto hakujaliwa, na kwake kazi haikuwa na mpaka na maisha. Kama angeondolewa kabla ya kabari kupanda, sijui angeamka asubuhi kwa sababu gani.

Tulikuwa tumefika jiwe la themanini na saba, bila shida yoyote, vumbi likapanda. Msumeno wa kuchongea mawe mapya ulikuwa umeanza kazi, na watu walikohoa mpaka usiku. Mhandisi akaleta barakoa, zile nene, nyeupe, zenye kifuniko cha plastiki mbele, zinazofunika kuanzia chini ya macho mpaka kidevuni. Akasema atakayeonekana bila barakoa ataonekana pia akienda nyumbani.

Jiwe la themanini na nane Mjomba aliligonga mara mbili. Mimi nilisikia mafua. Yalikuwa mafua makubwa, ya kitandani.

"Zima," akasema Mjomba.

Nikamtazama. Akanitazama, macho yake madogo juu ya barakoa.

"Andika, mwanangu. Zima."

Nikaandika. Nani mimi? Sikio hili langu ni yeye aliyelinoa. Kama yeye amesikia uzima na mimi nimesikia ubovu, basi kilichoharibika ni changu.

Jiwe la themanini na tisa lilikuwa zima, akasema zima. La tisini nililisikia likilia kama kengele ya shule, akasema bubu. La tisini na moja, bubu kwangu, zima kwake. Kufikia jioni ya siku ya pili kichwa changu kilikuwa kama sanduku lililomwagwa na kurudishiwa nguo ovyo. Niligonga kijiko kwenye kikombe. Niligonga mlango wa chuma. Niliweka sikio kwenye saa ya ukutani nyumbani, Mama akaniuliza kama naidai kitu.

Nilifikiri ni msumeno. Watu wanaofanya kazi karibu na msumeno wa mawe huharibika masikio, hilo nilisoma chuoni, na kuna picha. Kwa hiyo siku ya tatu niliomba ruhusa, nikaenda hospitali, idara ya masikio. Mtaalamu, kijana mwenye koti jeupe lililomzidi, alinifungia kwenye chumba kidogo chenye sponji ukutani, akanivalisha vidude vya masikioni na kunipa kitufe. Nikisikia mlio, nibonyeze. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

"Dada," alisema akitazama karatasi, "haya masikio si ya mtu. Ni ya popo."

"Una hakika?"

"Umesikia mpaka milio ambayo mashine ilikuwa inajaribu tu."

"Na mashine yako inaweza kupima kama nasikia mawe?"

Aliweka karatasi mezani. "Idara ya hiyo," akasema kwa upole, "iko ghorofa ya pili."

Nilirudi kazini nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Masikio yangu ni mazima. Masikio ya Mjomba ndiyo kipimo cha masikio yote. Na mawe yanasema vitu viwili.

Jumapili, misa ikiisha (ilikuwa ikisaliwa kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki, padri anagombana na kipaza sauti), tulikula nyumbani. Mjomba alikuwa akiishi nasi, chumba cha uani. Sauti ya televisheni ilikuwa juu kiasi kwamba jirani alikuwa anafuatilia taarifa ya habari kwake bila kuwasha yake. Nilikaa nyuma ya Mjomba, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, nikuongezee maji?"

Hakugeuka. Mama alimgusa bega, akamwonyesha jagi. Mjomba akatikisa kichwa, akatabasamu.

Nilimfuata Mama jikoni. "Mama, Mjomba anasikia?"

"Anasikia anachotaka, kama wanaume wote."

"Sitanii."

"Na mimi natania? Baba yako, Mungu amrehemu, nilimwita miaka ishirini aje arekebishe bawaba ya mlango ule. Alikuwa kiziwi?" Alisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. "Mjomba wako amechoka. Mwache amalize kazi yake."

"Mama, yale mawe yatakaa juu ya vichwa vya watu."

"Nimesema mwache amalize kazi yake." Na kwa kuwa hakunitazama usoni, sikujua kama amenijibu au amenifukuza.

Jumatatu nikamwuliza mwenyewe. Nilishusha barakoa ili anisikie vizuri. "Mjomba, jiwe la themanini na nane. Mimi nimelisikia bubu."

Alicheka. "Masikio yako yameingiwa na diploma. Ukikaa sana na karatasi, unaanza kusikia karatasi." Akanigonga kofia ngumu kwa fundo la kidole. "Haya, hii nayo bubu."

Mafundi walicheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini?

Lakini karatasi nilizisoma. Wakati wa chai nilikaa juu ya mfuko wa chokaa na daftari, nikafungua kurasa zote tangu mwanzo. Pembeni mwa kila jiwe nina tabia ya kuweka alama ndogo ya penseli, nilivyosikia mimi, kabla Mjomba hajatamka. Ni tabia ya mwanafunzi, sijaiacha. Kuanzia jiwe la kwanza mpaka la themanini na saba, alama yangu na neno lake vilikubaliana, vyote, bila hata kimoja kupishana. Kuanzia themanini na nane, ilikuwa kama mtu anarusha sarafu.

Kitu gani kilibadilika siku ile? Msumeno ulikuwa umeanza siku mbili nyuma. Nyundo ilikuwa ile ile. Uani ni pale pale, na tulisimama kama siku zote, yeye upande huu wa jiwe, mimi upande ule, tukitazamana. Kilichobadilika ni barakoa tu, na barakoa haizibi masikio. Niliivua yangu, nikaitazama ndani na nje kama inaweza kuniambia kitu. Winchi alipita.

"Dada wa daftari, unaongea na barakoa sasa?"

"Inanijibu vizuri kuliko wewe."

"Ivae basi, kabla Mhandisi hajakuona. Siku hizi uso wako unapumzika. Zamani jiwe likiwa bovu, hata mimi kule juu nilikuwa nalijua kabla ya Sikio kusema. Unakunja mdomo kama umelamba betri."

Alishapita, na mimi nilikuwa bado nimeishika barakoa mkononi.

Sikutaka kuamini. Kuna mambo ambayo akili inayakaribia, kisha inageuka na kuondoka haraka. Alasiri tulipoanza jiwe la mia moja na kumi, nilishusha barakoa mpaka shingoni, nikajifanya najikuna kidevu. Mjomba akagonga. Jiwe lililia. Lililia vizuri sana, sauti ndefu kama uzi, mpaka njiwa kwenye dirisha lililovunjika wakahama. Nami nikakunja mdomo. Nikaukunja kabisa, nikatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikitika.

Mjomba alinitazama.

"Bubu," akasema.

Nilishika brashi ya rangi nyekundu. Jiwe zima kuliko yote katika ua ule, na mjomba wangu amelihukumu kwa kutazama uso wangu. Sikujua ni miaka mingapi. Nilirudi nyuma kichwani: mawe ishirini ya Mhandisi, mimi nikiwa mbele yake. Daraja la mwaka juzi, mimi mbele yake. Asubuhi moja wiki iliyopita nilimpigia kelele, "Mjomba, angalia ndoo nyuma yako!", naye akajibu "Marahaba," akaikanyaga. Tulicheka wote siku ile.

Kumwambia mbele ya watu ilikuwa ni kumfukuza kazi kwa mdomo wangu. Kunyamaza ilikuwa ni kupandisha mawe mabovu mita kumi na mbili juu ya watu wanaopiga magoti. Nilichana ukurasa wa daftari, nikaandika: *Mjomba, najua. Tuyagonge upya yote ya tangu barakoa, mimi na wewe, saa ya chakula, bila barakoa.* Nikampa.

Alisoma. Alisoma tena. Akaukunja ule ukurasa mara nne, akautia mfuko wa shati, akaufungia kifungo.

"Unataka niondolewe?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kubwa mno, nikaogopa wengine wasisikie.

Nikatikisa kichwa.

"Mama yako anajua?"

Nikainua mabega.

"Anajua," akasema mwenyewe. "Basi twende saa ya chakula."

Siku nne hatukula. Wengine wakienda kivulini, sisi tulirudi uani, yeye anagonga, mimi nakunja mdomo au sikunji. Tulikuta kumi na moja yamekosewa, mengine ya kijani yakastahili nyekundu, mengine nyekundu yakastahili kijani. Na kwa kuwa daftari lilikuwa mkononi mwangu, kosa lilibidi liwe langu. Nilikwenda kwa Mhandisi, kwenye chumba cha nyuma ya altare ambako mapadri huvalia na ambako yeye aliweka ofisi, kompyuta yake kati ya vinara vya mishumaa.

"Jiwe la themanini na nane nililiandika vibaya," nilimwambia. "Naomba radhi."

Alisahihisha. Kesho yake nikarudi na mengine matatu, naomba radhi. Kesho kutwa, manne.

"Dada," alisema bila kuinua macho, "diploma yako uliichukua chuoni au uliiokota?"

"Chuoni. Naomba radhi."

Mara ya mwisho, nilipopeleka matatu yaliyobaki, aliniambia kwamba kosa jingine moja, atatafuta mtu mwingine wa daftari.

Likabaki jiwe moja. Kabari.

Kabari haikugongwa kwa zamu ya namba yake; iliwekwa kando kwa sherehe, ikagongwa katika wiki ile ile ya barakoa, mbele ya padri na kamati ya ujenzi, wakapiga picha. Mjomba alisema zima. Mhandisi alisaini, padri alisaini, Mjomba alisaini kwa mwandiko wake wa kuchonga. Hii haikuwa alama kwenye daftari langu ambayo ningeweza kuifuta na kujitwisha lawama. Ilikuwa neno la Sikio.

Siku ya tano, saa ya chakula, nilivuta turubai. Mjomba aliligonga jiwe juu ya lile ua. Nikakunja mdomo.

Aligonga tena, pembeni. Nikakunja tena.

"Hapana," alisema.

"Mjomba."

"Nikisema leo ni bubu, wataniuliza kwa nini jana lilikuwa zima. Na nikijibu hilo, nimekwisha." Aliweka kiganja juu ya jiwe kama mtu anayempima mtoto homa. "Na kama ni wewe umekosea? Umechoka. Hujala siku nne. Hebu niambie, una hakika?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Kwa sababu nilifungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo haikuja. Nililigonga mwenyewe. Mafua. Nikaligonga tena, na safari hii nikasikia kitu kama mlio mdogo nyuma ya mafua, au nilitaka kuusikia. Masikio ya popo, alisema yule kijana. Lakini popo naye hugonga ukuta. Tangu utoto wangu, kusikia kwangu kulikuwa kunathibitishwa na yeye, na kumbe kusikia kwake kulikuwa kunathibitishwa na mimi. Ni nani kati yetu alikuwa anasikia, hasa?

"Tao linafungwa Ijumaa," alisema, akarudisha turubai.

Ijumaa walikuja watu wengi. Kamati, wanakwaya, mafundi wa kazi za zamani wakiwa wamechomekea mashati, Mama akiwa na kitambaa kipya kichwani. Fremu ya mbao ilisimama katikati ya kanisa, juu yake mawe mia moja sitini na mawili, na katikati pengo moja la ukubwa wa kifua cha mtu. Kabari ilikuwa chini, juu ya mbao, imefungwa mikanda, tayari kwa winchi. Kamba ilizuia watu wasikaribie.

Padri aliomba kwa ufupi. Kisha akasema, "Sasa Sikio atatusikilizia."

Mjomba alisogea. Alikuwa amenyoa. Kwa heshima ya siku hiyo Mhandisi alituruhusu tuvue barakoa, na Mjomba alisimama upande ule aliozoea, na mimi, kwa miguu iliyozoea, nikajikuta upande wangu. Akagonga mara moja. Kanisa zima lilikuwa kimya, na lile jiwe likajibu.

Mafua. Safari hii sikuwa na shaka, au nilikuwa na shaka na mafua yalikuwepo hata hivyo. Mdomo wangu ulijikunja wenyewe, sikuuamuru.

Mjomba aliuona. Namwapia yeyote, aliuona. Akainua uso, akatazama watu juu ya kichwa changu.

"Zima!"

Makofi. Mama alipiga kigelegele. Winchi alianza kukaza mnyororo.

Nilikuwa na njia ya maneno. Ningeweza kusema pale pale, jamani, huyu hasikii. Watu mia mbili wangemgeukia, na yeye angesimama amenyoa ndevu zake, akitazama midomo yao yote ikisema pamoja. Sikuweza. Na kunyamaza nako sikuweza. Nyundo kubwa, ile ya kugongea fremu, ilikuwa imeegemea mguu wa jukwaa la mafundi. Niliivuta, nikapiga hatua mbili, nikaishusha pembeni mwa kabari kwa nguvu zangu zote.

Lilivunjika mara moja, pande mbili, kama mkate. Nusu ya ua ilibaki kwenye mkanda, nusu ikalala sakafuni.

Kisha kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Mtu alinishika mkono, mwingine akaninyang'anya nyundo. Mama alikuwa akiliita jina langu la utotoni.

Mhandisi alipita chini ya kamba, akachuchumaa. Alitazama pale lilipopasukia, akapitisha kidole, kidole kikatoka cheusi. Nusu ya uso ule wa ndani ulikuwa mweupe, wa kuvunjika leo. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi tii.

"Masizi," alisema. "Moshi wa mishumaa. Ufa huu haukuletwa na tetemeko. Ni wa zamani kuliko sisi wote tuliopo hapa."

"Kwa hiyo lilikuwa bovu au zima?" aliuliza Winchi.

"Lilikuwa bovu. Na lilikuwa linafanya kazi."

"Na tungelirudisha?"

Mhandisi alisimama, akajifuta kidole kwenye suruali. "Labda lingekaa miaka mia nyingine. Labda lingeshuka Jumapili. Sijui." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, akarudia. "Sijui."

Nusu saa baadaye tulikuwa ofisini kwake, kati ya kabati la kanzu na vinara vya mishumaa: Mhandisi, padri, Mjomba kwenye kiti, Mama mlangoni, mimi nimesimama. Tulishakubaliana mengi. Kabari mpya itachongwa, ua litanakiliwa kutoka kwenye vipande. Mjomba ataiweka yeye, baada ya mwezi mmoja, kama alivyoahidiwa. Hakuna aliyeuliza habari ya masikio; ufa wa zamani kiasi kile, walisema, ungemdanganya hata Sikio. Wote walikuwa wamekwisha kupata jibu rahisi, kwamba binti wa daftari, aliyekuwa akikosea kila siku, sasa akili imemruka.

"Ungeweza kuniambia una wasiwasi," alisema Mhandisi. "Ningelikata, ningeliloweka maji ufa uonekane, ningesubiri mashine. Kwa nini nyundo?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Kazi yako sijaamua," aliendelea. "Lakini umemdhalilisha mzee mbele ya mji mzima, na umevunja jiwe ambalo lilikuwa hapa kabla ya babu yako. Mwombe radhi. Hapa, sasa, tumalize."

"Neno moja tu, binti yangu," alisema padri.

"Mwanangu," alisema Mama.

Mjomba akainua uso. Nilingoja. Nilidhani atasema kitu, hata nusu ya kitu, na kama angesema, Mungu ananiona, ningepiga magoti kwenye vumbi lile.

"Mimi nimeshamsamehe," alisema. "Aombe radhi tu, mambo yaishe."

Bado sijui kama tao lingesimama. Sijui ni tangu lini hasikii, wala ni mawe mangapi mjini humu yamesimama kwa sababu ya mdomo wangu. Sijui kama Mama alinilinda mimi au kaka yake. Nilikuwa nimeomba radhi kwa makosa kumi na moja ambayo hayakuwa yangu, na hili pekee, ambalo lilikuwa langu kabisa, lilinikuta radhi zimeniishia.

"Siombi radhi," nikasema.

Padri alidhani hakunisikia vizuri. "Umesemaje?"

"Siombi radhi."